Matabishi Hayapimwi

Katika soko la Nyakasanza, mjini Bunia, kopo la maharagwe likijaa mpaka kilima kidogo kikasimama juu yake, biashara bado haijaisha. Mnunuzi hafungi mfuko wake. Anaushika wazi, anatazama pembeni kama mtu anayepima mawingu, kisha anasema, "Mama, na matabishi?" Hapo muuzaji anazamisha mkono guniani na kumwongezea konzi moja, bure. Kopo limelipiwa. Konzi haikulipiwa, na ndiyo inayomrudisha mtu kesho.

Neno hilo hilo hutembea mjini kwa viatu vingine. Aliyekubebea mzigo mpaka mlangoni hulisema kwa upole, akijipangusa jasho. Mwenye muhuri ofisini hulisema bila kufungua kinywa, akitafuta kalamu ambayo tayari iko mkononi mwake. Lakini sokoni matabishi ni konzi, na kila muuzaji anajulikana kwa konzi yake.

Ya Kavira ilijulikana kuliko zote. Alifika Bunia kutoka Butembo miaka kumi na moja iliyopita, akaanza na gunia moja la maharagwe ya Bogoro, na tangu hapo watu wakamwita Mama Alliance, kwa jina la binti yake. Mkono wake wa kuume ulikuwa mpana. Wanunuzi walitania kwamba Mungu alikuwa anaumba jembe, akabadili mawazo katikati ya kazi.

Mwezi wa tano, kwenye mashine ya kusaga mihogo, mkanda ulinasa kitenge chake. Alipokivuta kwa mkono wa kuume, mashine ilibaki na vidole viwili: cha kati na cha pete.

Baada ya miezi miwili alirudi mezani. Mnunuzi wa kwanza alikuwa Mama Adeline, mwenye malewa, kibanda cha mbao kando ya barabara ambako watu hula maharagwe na wali. Kavira alimpimia makopo sita, akazamisha mkono. Maharagwe yakatiririka katika pengo la vidole, yakabaki machache kwenye kiganja, kama punje alizosahau kuku.

Mama Adeline alichungulia mfuko. "Mama Alliance, iko hii tu?"

"Ni mukono ndiyo imepunguka, mama."

"Nilisikia. Pole sana."

Pole aliitoa kwa moyo. Lakini siku iliyofuata alinunua kwenye meza ya pili, kwa Berthe. Juma lilipoisha, wengine wengi walikuwa wamemfuata.

Berthe, mwanamke wa Mahagi mwenye kicheko cha kusikika mpaka barabarani, hakucheka safari hii. Alisogeza kigoda chake karibu.

"Jirani, weye ulishatumika kazi sana. Uniachie meza. Mudogo yangu anakuja toka Mahagi. Kila juma nitakuletea maharagwe ya kupika."

Wote wawili walijua sheria ya soko: meza ya mgonjwa husubiriwa, lakini isiyouza mwezi mzima hupewa mtu mwingine. Berthe hakuwa anamnyang'anya. Alikuwa anamtandikia mahali pa kuangukia.

"Kwa hiyo nitakuwa nakula matabishi ya meza yangu mwenyewe?" aliuliza Kavira.

"Kula ni kula."

"Basi nitakulia hapa hapa."

Kesho yake alikuja na kikombe kidogo cha chai. Alimpimia mwalimu mstaafu, muzee Anaclet, kisha akamwongezea kikombe kimoja kilichojaa vizuri. Muzee alivua miwani.

"Hii ni nini?"

"Matabishi, baba."

"Hapana. Hii ni kipimo kadogo. Kipimo nilishalipa. Matabishi haipimwaka, mama. Weye unaniongezea ama unanihesabia?"

Kikombe kikarudi kikapuni. Akajaribu mkono wa kushoto. Bibi mmoja alivuta mfuko wake nyuma kana kwamba amemwagiwa maji ya moto. "Mukono ya kushoto? Nilikukosea nini?"

Jumapili, baada ya ibada, Kavira aliweka beseni la maharagwe katikati ya sebule na kumwambia Alliance ashike mfuko wazi. Alijaribu kuume, vidole vimebanwa. Yakamwagika. Alijaribu kiganja kikiwa kimeinama. Yakamwagika. Akaitazama mikono yake. Kisha akakumbuka mama yake huko Butembo, aliyemchapa utosi kwa sababu alimpa mgeni maji kwa mkono mmoja: mtu anayeheshimiwa hupewa kwa mikono miwili.

Akazamisha yote miwili. Ilipanda na kilima.

"Mama!" Alliance alicheka. "Ukiongeza hivi, tutauza na nyumba."

"Ngoja."

Hakumimina. Aliiinua mikono polepole juu ya beseni, akasubiri. Maharagwe yalipita katika pengo, moja moja, yakirudi yalikotoka kwa sauti ya mvua inayoanza. Yalipokoma, akamimina yaliyobaki mfukoni. Yalikuwa konzi yake ya zamani, na punje chache zaidi.

"Iliyopita ni ya gunia," alisema. "Iliyobaki ni ya mutu."

Alirudia mpaka makovu yakawaka moto. Alliance akasema inatosha. Kavira akasema bado.

Jumanne muzee Anaclet alipita, akasita, akanunua kopo moja. Mikono miwili ilipopanda, maharagwe yakaanza kudondoka.

"Mama Alliance, ziba pengo!" muuza chumvi alipiga kelele.

"Pengo nayo iko na fungu yake, baba!"

Soko likacheka. Mama Adeline, aliyekuwa kwa Berthe na mfuko wa makopo manne mkononi, aligeuka. Alitazama mpaka punje ya mwisho ilipotua katika mfuko wa muzee. Kisha akasogea, hatua tatu tu.

"Makopo mbili," alisema. "Tuone."

Kavira alipima. Kilima kikasimama juu ya kopo mara mbili. Kisha akazamisha mikono, akainua, akasubiri. Hakuharakisha, ingawa vidole visivyokuwepo vilimuuma.

Mtu akipewa kwa mikono miwili, hupokea kwa miwili. Mama Adeline alijaribu kushika mfuko wa pili kwa mkono mmoja, akaona aibu. Akaweka maharagwe ya Berthe juu ya meza ya Kavira, akaufungua mfuko kwa mikono yote, akapinda magoti kidogo, kama anavyopokea mtu kitu kwa mkwewe.

"Aksanti, mama," alisema. "Kesho niwekee makopo sita."

Alipoondoka, Berthe alikuwa ameshika kiuno.

"Sasa jirani, mudogo yangu nimuambie nini?"

Kavira alikuwa akiyaokota yaliyodondoka nje ya gunia, punje kwa punje, kwa vidole vitatu.

"Umuambie meza iko na mutu."