Danubi na Mkurumudzi Siku ya Posa

Nakumbuka siku moja ya miaka ya hamsini, mwanangu, siku niliyokaribia kumkosa mama yenu kwa sababu ya mto wa Ulaya.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya ngumbaru pale Msambweni, kichwa kimejaa elimu hata kofia haiingii. Baada ya sala ya Ijumaa tukaenda Gazi kuposa, mimi na mjomba wangu. Kusema ni kazi ya mjomba; mposaji hunyamaza akatazama mkeka. Hayo niliyajua. Lakini Mzee Hamisi, baba wa binti, alipouliza tu, "Kijana wenu huyu ana nini?" nikamkatiza mjomba.

"Nina elimu, mzee. Naujua mto Danubi!"

Nikaumwaga wote: unavyotoka Msitu Mweusi kule Ujerumani, ukapita nchi baada ya nchi hadi Bahari Nyeusi, Warumi walivyoufanya mpaka wa dola yao, wakajenga ngome ukingoni. Mjomba alinifinya paja, alama ingalipo.

Mzee Hamisi akasikiliza kwa adabu. "Mashaallah. Na mto wetu huu Mkurumudzi, unaonywesha mpunga wangu, watoka wapi?"

"Watoka... juu, mzee."

"Hata mvua yatoka juu!" Kicheko cha wazee waliokuwapo kilisikika Tanga. "Nenda kautafute. Ukiujua, rudi tuzungumze posa."

Nikaufuata kwa miguu siku tatu, hadi vilima vya Shimba, kati ya ndovu wakubwa kama msikiti. Penye kila shamba niliwaamkia wazee, nao wakanieleza nani alilifyeka bonde lile kwanza, nani alivuka hapo akikimbia njaa. Mwisho nikakuta chemchemi ndogo, ningeifunika kwa kofia ile ile. Nikajaza kibuyu, nikarudi nacho Gazi.

Mzee Hamisi akanywa funda moja, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanipisha mkekani, ubavuni pake.

"Haya, mwanangu, sasa nieleze tena ule wa Wazungu. Nao wazee wake ni akina nani?"

Tukaongea mpaka alasiri. Mjomba hakunifinya. Posa ikapokelewa, nami nikarudi nyumbani nikitembea kama niliyeuchimba Danubi kwa jembe langu.

Basi, mwanangu, soma mito yote ya dunia, nami nitajivuna kukushinda wewe. Ila huo wa kwenu utembee kwa miguu yako, na wanaoishi kando yake uwaamkie uwaulize. Na mjomba akisema, nyamaza. Mola akuzidishie elimu, akupe miguu ya kuifuata, na akujaalie mkwe atakayetaka kukusikiliza mara ya pili.