Mdomo wa Mfongo Mdogo

Baba yangu ndiye aliyesimamia zamu za maji kwenye mfongo wetu, ule mfereji unaoshuka kutoka msituni hadi migombani kwetu Marangu. Mimi nilikuwa mwongoza watalii, na Kiingereza changu cha mlimani kilinivimbisha kichwa. Kwa hiyo kifua kilipombana Baba hata akashindwa kupanda kwenye chanzo cha maji, tukapelekwa India, mkalimani nikawa mimi.

Daktari alituchorea. Mshipa wa moyo ulikuwa umeziba pale unapogawanyika, kwenye panda. Angeweka stenti, kibomba cha wavu wa chuma, katika tawi kubwa tu. Dogo angeliacha, na likibanwa angelifungua kupitia matundu ya ule wavu. Baba akaitazama ile picha, akaniambia kwa Kichagga, "Mwulize. Ukipanua mfongo mkubwa penye panda, tope husukumwa likaziba mdomo wa ule mdogo. Yeye atajuaje kama umeziba?"

Jamani, niliona aibu. Daktari bingwa, halafu mzee anamletea habari za tope. Nikasema, "Anashukuru."

Kesho yake, stenti ikiwa imeshawekwa, daktari akauliza kama maumivu yamebaki. Baba akagusa kifua. "Yapo nikitembea. Mwambie ule mdogo haupati maji." Nilimwelewa vizuri kabisa, nisijisingizie ujinga. Ila nilishachoka na mifongo yake mbele ya wenye makoti meupe, na nyumbani watalii walikuwa wananisubiri. Nikasema, "Yuko salama."

Miezi michache baadaye Baba alikuwa anapumzika mara mbili kati ya mlango na zizi. Tukarudi India. Daktari akachora panda ileile, safari hii akionyesha jinsi uchafu wa tawi kubwa ulivyosukumwa ukabana mdomo wa dogo. Sehemu ya moyo iliyolishwa na tawi hilo ilikuwa imeshakufa, na stenti ya pili isingeirudisha.

"Angeniambia siku ile ningelifungua," akasema. "Kwa nini hakusema?"

Nikamweleza Baba swali lenyewe, macho yangu sakafuni. Baba akanitazama.

"Mwambie nilisahau," akasema.

Nikalitafsiri hilo neno kwa neno, sikuongeza wala kupunguza.