Wimbo Ulioombwa Stesheni

Namshukuru Mungu aliyetuhifadhi hai hata majirani walipotuchoka, na aliyenipa moyo wa kusimulia haya bila kumlaani mtu.

Sauti ya kwanza ninayoikumbuka ya nyumba yetu Kolwezi ni mkwaruzo wa sindano juu ya sahani ya santuri, kabla mwanamke wa Kifaransa hajaanza kuimba. Mhandisi mmoja Mzungu, alipoondoka, alimwachia baba, karani wa mgodi wa shaba, santuri na sahani zake zote. Dada yangu Ngalula alizipanga kwa kufuata maisha ya yule mwimbaji: kwanza nyimbo za haraka za usichana wake, alizotungiwa na wengine, kisha zile za polepole alizotunga mwenyewe kwa gitaa, zilizomjazia kumbi. Halafu redio ikatangaza kwamba amepoteza sauti na ameacha kuimba. Kwetu ulikuwa msiba. Baba, ambaye hakupenda nyimbo za dunia, alimwingiza katika sala ya jioni, kati ya shangazi mgonjwa na wachimbaji wa Mutoshi, na bukari, ugali wetu, ikapoa tukimwombea. Mama alicheka: "Baba Ngalula, ule Mufaransa anajua kama batu ba Kolwezi banamuombea?" Baba akajibu, "Mungu anajua. Funga macho." Mwimbaji aliporudi jukwaani, baba aliamini kabisa kwamba ni sala zetu.

Ngalula naye akatunga wimbo, kwa Kiswahili chetu, wa mwanamke anayemngoja mumewe atoke zamu. Tata Ngoy, mzee jirani yetu mwenye asili ya kaskazini mwa Katanga, jimbo lile lile la Kolwezi, alimpigia gitaa uani, na wakachaguliwa kwenda kuuimba redioni Lubumbashi. Dada alikwisha kushona gauni. Lakini mgodi ulikuwa unaanguka, mishahara haiji, na wakubwa wakatafuta wa kulaumiwa. Sisi, ambao babu zetu waliletwa kutoka Kasai kuichimba shaba ile, tukaambiwa turudi kwetu. Kwetu wapi? Nilizaliwa Kolwezi. Vijana walikuja mchana na mawe, vijana tuliowajua kwa majina, wakaichukua nyumba. Tukahamia stesheni, tukalala sakafuni na umati tukingoja treni ya Kasai, katika harufu ya moshi na kuhara, na watoto waliokufa walizikwa karibu na reli.

Huko ndiko Tata Ngoy alikotufuata. Mama alidhani ametuletea unga. Alikuja mikono mitupu.

"Ngalula," alisema, "ile wimbo, kipande ya mwisho sikuikamata muzuri. Unifundishe. Mutoto yangu ataimba mu nafasi yako. Ku redio banangojea."

"Na batasema ni wimbo ya nani, tata?"

Aliangalia reli. "Ile haiko mu mukono yangu."

"Mulikamata nyumba," mama alisema, "sasa munataka na sauti yake?"

Nilidhani dada atamfukuza. Alimwimbia, kwa sauti ndogo, mpaka mwisho, kisha akarudia kipande kile kwa sababu mzee yule alikosea. Watu waliolala karibu waliinua vichwa. Tata Ngoy alilia, akaondoka na wimbo. Mama alipomuuliza kwa nini, dada alisema, "Acha ifike ku redio. Mi sitafika."

Leo yule Mfaransa ni bibi kizee, na redio bado husifu jinsi alivyonyamaza na kurudi. Ngalula anauza unga wa muhogo Mbuji-Mayi, huku Kasai; hata kanisani husogeza midomo tu. Nilimuuliza mwaka fulani kwa nini asianze tena kama yule mwanamke tuliyemwombea. Alimalizia kumpimia mteja, akajifuta mikono. "Yule alikuwa na mahali pa kurudia," alisema. Tata Ngoy nimemsamehe. Ninalisema hilo katika sala kila asubuhi, na asubuhi inayofuata nakuta ni lazima niliseme tena.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akulaze salama, na akuamshe kesho mahali pale pale ulipolala.