Siku Niliyofuta Beji za Mama Wangui

Nikikumbuka siku hiyo hufunika uso hata nikiwa peke yangu chumbani, lakini wacha niwaambie tu, maana nusu ya mtaa wa Majengo hapa Nyeri tayari inajua.

Mama Wangui hushona sweta za shule hapo Majengo, na mashine yake ya kutarizi beji hupokea michoro kutoka kwa programu inayokubali Windows pekee, ilhali kompyuta aliyotumiwa na bintiye ni Mac. Mimi niliyejifundisha kompyuta kwa video nyumbani kwetu Ruring'u nikamwambia naweza kuiweka Windows ndani ya Mac, iwe kama kompyuta ya pili ndani ya ile ya kwanza, naye akasema nikifaulu ataniandika kazi, kazi yangu ya kwanza maishani. Nilifanya mazoezi mara tatu kwenye Mac ya binamu yangu, hatua zote nikaziandika kwa kalamu za rangi mbili (ndiyo, mimi ni wa hivyo).

Na ikakubali. Windows ikafunguka, programu ikaingia, wazazi waliopanga foleni ya sweta wakapiga makofi kidogo. Ningeachia hapo. Lakini skrini ya hiyo Windows ilikuwa imejaa faili zilizotawanyika, nikadhani ni nakala tu, na mimi fujo ya namna hiyo hunikosesha raha, basi nikazichagua zote nikazifuta, na kompyuta iliponiuliza kama nina uhakika nikabonyeza ndiyo kwa madaha.

Hazikuwa nakala. Windows na Mac zilikuwa zinatumia folda moja (Mac ya binamu haikuwa na faili yoyote hapo, ningejuaje), na humo ndimo zilimokuwa beji za shule zote.

"Haya, weka ile ya simba," Mama Wangui akasema.

Nikasema inajipanga. Robo saa baadaye nikasema tena inajipanga, nimeshapekua hadi pipa la taka la Mac, hamna, jasho linanitoka na baridi yote hii ya Nyeri, hadi mzee mmoja kwenye foleni akauliza, "Ati inajipanga? Kwani inaenda harusi?"

Wote wakacheka. Nikasimama. "Mama, nimezifuta. Zote."

Akavua miwani, akaniangalia. "Unajua kuchora?"

"Kidogo."

"Basi kaa chini uchore."

Mama mmoja akanipa sweta kuukuu ya mwanawe niangalizie, nikachora kwenye programu, mashine ikatarizi. Simba wa kwanza alitoka na masikio marefu, yule mzee akamwinua foleni yote imwone. "Huyu ni mbuzi. Mjukuu wangu haendi shule ya mbuzi." Wa pili na wa tatu waliwakataa pia. Wa nne, saa kumi jioni, mzee alimpapasa kwa kidole, akakunja sweta, akaenda nayo.

Mama Wangui akifunga duka aliniambia, "Kesho saa mbili asubuhi. Bado shule tano."

Nipo hapo hadi leo. Na kabla ya kufuta kitu cha mtu humuuliza mwenyewe, na akisema futa, namuuliza tena.