Alisema Amekuja Kupima Mlango

Bosi aliyeniita chizi mbele ya karakana nzima ndiye aliyenifuata nyuma ya rundo la mbao, akalia kama mtoto.

Niwape picha kwanza. Mimi ni seremala. Niliwahi kulazwa wodi ya wagonjwa wa akili, nikapata nafuu, nikarudi kazini. Dawa nameza mpaka leo na kazi napiga kama kawaida.

Ila jina langu lilishapotea. Bosi huyo, Fundi Mkuu, alinibatiza Fyuzi, eti zangu za kichwani zimeungua. Nikikosea kipimo, fyuzi. Nikinyamaza, fyuzi. Wenzangu wanashika mbavu, na mimi nacheka nao, ningefanyaje? Iliniuma sana.

Sasa siku hiyo akanivuta pembeni. Macho mekundu. Akaniambia usiku halali, chakula hali, na kichwani kuna sauti inamwambia bora afe tu.

Nikamwambia aende kliniki ya akili ninayotibiwa mimi pale hospitali, na amwambie mkewe. Akasema mkewe anajua ni presha.

"Pale wanakuita jina kwa sauti?" akauliza.

"Wanaita, Fundi. Lakini wote mko pale kwa shida hiyohiyo."

"Na nikionekana getini? Si nitakuwa Fyuzi wa pili?"

Nikaomba nimsindikize, akagoma. Akasema tukionekana wawili, watu wataunganisha. Akaniapia kwamba Jumatatu atakwenda mwenyewe.

Jumatatu hakuja kazini. Nilifurahi, jamani.

Jumanne akaja, utani uleule. Nikamuuliza kwa macho, akaitikia kwa kichwa. Nikashusha pumzi.

Wiki haikuisha, Fundi Mkuu akajiua. Familia ikatangaza presha.

Msibani watu walikuwa wamejiinamia. Fundi wetu wa vanishi akaona awachangamshe. Akasimulia jinsi alivyopita hospitali Jumatatu ile, akamkuta marehemu kwenye geti la kliniki ya akili, mkono uko kwenye komeo.

"Nikamwita kwa mbali, bosi, na wewe zimeungua? Akacheka huyo! Akasema amekuja kupima mlango, wanataka mpya. Tukarudi wote mpaka stendi, ananivunja mbavu njia nzima."

Watu wakacheka. Hata mjane alicheka, huku anajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Mimi nilitoka nje.

Fundi wa vanishi sijamwambia mpaka leo bosi alifuata nini pale getini. Nianzie wapi? Alichosema pale getini ndicho tulichokuwa tunasema wote karakanani, asubuhi mpaka jioni, na aliyetufundisha ni marehemu mwenyewe.

Ila wewe unayesoma hapa nakuomba kitu kimoja. Ukimkuta mtu unayemjua kwenye geti kama lile, msalimie kama ungemkuta amekuja kung'oa jino. Halafu mwache aingie.