Papa Akiinama kwenye Usukani

Papa akifika nyumbani na kuzima gari, hakuna aliyeruhusiwa kufungua mlango. Aliinama mpaka paji la uso likagusa usukani, akakaa hivyo, na sisi watoto kiti cha nyuma tukabana pumzi. Mama alikuwa ametufundisha kwamba papa anamshukuru Mungu kwa kumrudisha salama. Kupona kwenye barabara ya Butembo kulistahili shukrani kweli, na yeye aliipita na viazi na maharage karibu maisha yake yote. Alipoinua kichwa, ndipo tuliposhuka. Majirani zetu wa mtaa wa Katoyi walisema mfanyabiashara mcha Mungu namna ile hawajaona mwingine.

Mara ya mwisho aliegesha akiwa na homa, akainama kama kawaida, akaingia ndani kwa miguu yake. Gari halikutoka tena uani. Yeye alitoka amebebwa.

Misa ya kuondoa matanga ilipokaribia, mama aliomba kitu kimoja tu. Alitaka kwenda kanisani ndani ya gari lile, kwenye kiti chake cha mbele.

"Niisikie tena mara moja tu," aliniambia. "Kisha mutaifanya vile munataka."

Mimi, binti yake, ndiye mtoto wa kwanza, na ndiye mwenye leseni. Nikamjibu kwamba hilo ni dogo, ahesabu limekwisha. Kinywa changu hakina breki.

Tulichaji betri, nikawasha. Jamani, ile sauti! Mama alitoka jikoni na unga mikononi, akasimama katikati ya ua. Mimi nililia bila aibu, maana kwa muda ule mfupi papa alikuwa ndiyo kwanza amefika. Kisha injini ikalegea, ikakohoa, ikazima. Nikawasha tena, ikanguruma kidogo, ikafa. Mara ya tatu haikushika kabisa. Mama akarudi jikoni kwenye unga wake, na hilo liliniuma kuliko kama angelia.

Siku mbili kabla ya misa nikamleta fundi, mtu mzima mpole anayefanya kazi kando ya barabara, juu ya mawe meusi ya volkano. Alifungua chujio la mafuta, akalijaza mazutu, yaani dizeli, kwa mkono, akaniambia niwashe. Gari likawaka vizuri, likazima tena.

"Moteri iko muzima, mama," aliniambia. "Inakula ile mazutu yenye iko mu filtre. Ikiisha, inakufa."

Akaweka chujio jipya. Mambo yakawa yale yale. Basi akafunga kidumu cha mazutu juu ya paa, akateremsha mpira mwembamba wa serumu, ule wa hospitali, hadi kwenye pampu, ili aone kwa macho kama kuna hewa inayopita. Hakukuwa na hewa. Gari liliunguruma mpaka tukamaliza chai.

"Basi twende hivyo hivyo!" nilisema.

Alinitazama kwa huruma. "Mama mujane aende ku misa na bidon ku kichwa?"

Akarudisha mpira wa zamani, akabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya chujio. Ilizama, ikabaki chini, haikurudi. Hapo akajua njia imezibwa kabla ya kufika kwenye chujio. Akalala chini ya gari, akaufuata mpira kwa vidole tangu kwenye tangi, mpaka mahali unapopanda na kuingia ndani, chini ya kiti cha dereva.

"Hii haikutoka nayo ku fabrike, ni mutu aliipitisha huku," alisema kutoka chini. "Angalia humo ndani."

Nikaketi mahali pa papa, nikainua zulia. Mkono haukufika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nikainama, paji la uso likagusa usukani, na vidole vyangu vikagusa koki ndogo ya shaba. Ilikuwa imefungwa.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. "Eeh, muzee alikuwa mujanja! Mwizi anawasha, anafika pale ku barabara, gari inamufia."

Mimi sikucheka. Kwanza nilikasirika. Miaka yote ile tunabana pumzi kwa ajili ya koki! Sisi wenye asili ya Butembo kweli hatusemi tulicho nacho, hata kwa watoto wetu. Kisha nikakumbuka kwamba mkono wa mwisho uliogusa shaba ile ulikuwa wake, na homa yake yote. Nikifungua, ninafuta kitu cha mwisho alichofanya kwenye gari lake. Nilitamani papa awe pale, kama mtoto anayechelewa kufunguliwa mlango.

"Fungula basi, mama," fundi aliniambia.

"Ngoja kidogo."

Alingoja. Nikafungua.

Jioni ile nilimwambia mama, kwa woga, kwa sababu nilidhani ninamnyang'anya sala za mume wake. Aliendelea kuchambua maharage.

"Kufunga ile koki, ile robine, inaomba muda gani?" aliuliza.

"Sekunde mbili tu, mama."

"Na papa yako alikuwa anainama sekunde mbili tu?"



Jumamosi tulikwenda kanisani, mama mbele, ndugu zangu nyuma, na gari halikukohoa hata mara moja. Tuliporudi nikaegesha mahali pake, nikazima. Hakuna aliyegusa mlango. Nikainama. Koki ilifungika mara moja. Kichwa nilikiinua baadaye sana.