Ngozi ya Mashine ya Makoye

Nyangi wa Mwisenge alikuwa na banda la gemu, na wanaume wazima walimwamkia kwanza ndipo waguse kitu. Mashine zake mbili za zamani zilikaa chini ya televisheni, zimefungwa na nyaya kama mbuzi kambani. Umeme ukikatika, kimya. Kwake yeye mashine ya gemu ndiyo hiyo.

Ya tatu haikuwa yake. Mdogo wake, Makoye wa Butiama, aliiwekesha kwake kama watu wanavyowekeshana ng'ombe. "Tunza, dada. Ikifa, niletee ngozi." Fundi akaisimamisha kwenye kikasha chake, akachomeka nyaya, na Nyangi hakuigusa tena.

Asubuhi ya Alhamisi alifungua banda. Kufuli zima, nyaya zipo, kikasha kimesimama. Ndani hamna kitu.

Mwizi gani huyu anayepita kwenye kufuli? Akamkumbuka Silasi wa Nyasura, aliyepoteza ng'ombe wa Makoye akakosa hata kipande cha ngozi cha kuonyesha kwamba alikufa kweli, hakuuzwa. Mwaka wa saba huu, ukoo mzima haumpi mkono. Nyangi akafunga kikasha kwenye kitenge, akapanda gari la Butiama. Njia nzima alipanga maneno, na kila alipofika kwenye "mdogo wangu" alianza upya.

Alimkuta Makoye anakamua. "Nimekuletea ngozi," akasema.

Makoye akafungua kitenge, akashangaa. "Dada, hii siyo ngozi. Umeniletea zizi! Ng'ombe mwenyewe yuko wapi?"

"Sijui. Ametoweka."

"Hizo zako za zamani ni za kukaa nyumbani, bila televisheni hazioni. Kuna za mkononi tu, zina kioo na betri. Hii inafanyaga yote mawili. Kioo chake hujificha humu kikashani. Ukiichomoa, unacheza hata juu ya punda."

Nyangi akakumbuka. Jana jioni umeme ulikatika, watu wakaondoka. Keraryo, fundi viatu, alibaki ameinamia kitu kinachong'aa. Yeye akadhani ni simu kubwa. "Mama, naenda nayo Bunda, kesho narudi," alisema Keraryo. Naye akamjibu kwa kinywa chake mwenyewe: "Nenda salama."

Akapiga simu. Ikaita, haikupokelewa. Akapiga tena. Mara ya tatu ikasikika sauti ndogo.

"Mama Nyangi, nisamehe. Imezima yenyewe mkononi. Nafikiri nimeiua. Toka asubuhi naogopa kukupigia."

Makoye akacheka mpaka ng'ombe wakageuka. "Ina njaa tu hiyo! Inakulaga umeme kwenye kikasha."

Nyangi hakucheka. Stellah, mke wa Makoye, alikuwa ameshatenga ugali na sato.

"Kaa ule, wifi."

"Kwenu sili mpaka niione inawaka," Nyangi akasema, akajitwika kikasha na kushika njia ya kutafuta gari la Bunda.